Kiingereza naongea freshi, kukisoma ndo kasheshe

BARUA

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro, nakaa Kibosho na mke na watoto wawili. Hii kazi niliianza kijana mdogo sasa nina miaka 33, nimebeba, nimemsaidia mpishi, nimehudumia wageni mezani, na sasa hivi kampuni ninayopanda nayo sana wanataka kunipandisha niwe msaidizi wa mwongoza wageni. Watu wananipongeza, mke kashamwambia mama yake, na mimi huku usingizi sipati.

Shida yenyewe ni hii. Kiingereza naongea. Tena naongea vizuri tu, wageni wanacheka na mimi toka getini mpaka juu, wakiniuliza habari za familia naeleza, hata wale wa Scotland ambao wenzangu wanawakimbia mi nawaelewa. Ila nimekiokota chote kwa masikio. Shule niliishia la saba, na Kiingereza cha shule sikumbuki zaidi ya "good morning teacher". Ukiniwekea karatasi ya Kiingereza mbele yangu naona herufi tu. Kiswahili nasoma, sio haraka sana lakini nasoma, magazeti ya michezo namaliza yote.

Sasa msaidizi anatakiwa kila asubuhi na kila jioni apite hema kwa hema na ile karatasi ya afya, anauliza kichwa kinauma, umekula, unasikia kizunguzungu, anambana mgeni kidole na kale kamashine ka oksijeni, halafu anajaza. Namba naandika bila shida, maneno ndo mtihani. Alafu kuna ripoti trip ikiisha, na meseji za ofisini zote zinakuja kwa Kiingereza kwa sababu bosi sio Mtanzania. Mpaka leo zikija nampelekea mpwa wangu yuko fomu tuu ananisomea, nampa hela ya vocha. Nikiwa juu huko ambako mtandao ni wa kubahatisha itakuaje?

Juzi nilijaribu kumwandikia mgeni mmoja wa zamani mwenyewe bila msaada wa mtu, nikaandika "ai hopu yu a faini end yo famili", akanijibu alama za kuuliza tatu basi.

Kuna sehemu hapa Moshi mjini wana kozi ya Kiingereza miezi mitatu, laki tatu na nusu. Mke anasema lipa. Rafiki yangu anasema chukua cheo kwanza, hizo karatasi utaweka sifuri sifuri tu, kwani nani anazisoma. Mwalimu nifanye nini, na je mtu wa miaka 33 anaweza kweli kuanza herufi za Kizungu? Na bosi nimwambie au ninyamaze? Jina langu usilitaje.

Mgumu wa Kibosho

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na hongera ya cheo, sio kitu kidogo kutoka kubeba mpaka kuongoza.

Nianze na huyo rafiki yako maana ndo amenikera. Hiyo karatasi ya afya kampuni nyingi za mlimani wanafuata kipimo kinaitwa Lake Louise, ni jina la mahali kule Kanada, na kinauliza mambo manne: kichwa kuuma, tumbo yani kichefuchefu na kutapika, kuchoka kupita kawaida, na kizunguzungu. Kila moja unatoa alama kuanzia 0 mpaka 3. Mtu mwenye kichwa kinachouma na jumla ya alama 3 au zaidi anahesabiwa ana ugonjwa wa mwinuko, na mtu wa hivyo hapandishwi juu zaidi mpaka atulie. Sasa fikiria uko kambi ya Barafu, mita 4673, saa nne usiku mnajiandaa kwenda kileleni, mgeni ametapika mara mbili na kwenye karatasi kuna sifuri zimepangwa vizuri kwa sababu aliyejaza hakuweza kuisoma. Kiongozi wenu anaangalia karatasi anasema huyu yuko poa, twende. Unauliza nani anazisoma, ndo huyo. Kwa hiyo hapo sina mjadala, mpaka siku utakayoisoma mwenyewe kila neno, wewe uliza kwa mdomo na mwenzako aandike.

Haya, sasa tuje kwako.

Kuna kitu nadhani hujakiona. Mtoto wa Kiingereza anayeanza shule kule kwao anaingia darasani tayari anaongea, kilichobaki ni kuonyeshwa kwamba haya maneno unayoyasema yanaandikwa hivi. Wewe uko hapo hapo. Watoto wetu wengi wanaoingia fomu wani ni kinyume chake, walisoma msingi kwa Kiswahili halafu ghafla baiolojia ni Kiingereza, jografia Kiingereza, anaweza kutamka mstari mzima kutoka kitabuni na hajui hata unahusu nini. Nimefundisha hao miaka na miaka, ile ndo kazi ngumu. Kazi yako ni ndefu lakini sio ngumu kiasi hicho, kwa sababu neno ukishalisoma tu maana yake tayari unayo kichwani.

Na ile meseji yako uliyojibiwa alama za kuuliza, mi imenifurahisha. "Ai hopu yu a faini" kila sauti umeisikia sawa na kila sauti umeiandika sawa, ila umeiandika kwa sheria za Kiswahili. Kiswahili chetu a ni a popote utakapoikuta, irabu tano basi, mtoto akishika silabi anasoma chochote. Kiingereza kina herufi 26 na sauti kama 44, kwa hiyo herufi moja inabeba kazi mbili tatu, na tena maandishi yao yalianza kukaa sawa zamani sana mashine ya kuchapa vitabu ilipoingia Uingereza mwaka 1476 na kuendelea, watu wakaendelea kubadilisha matamshi na maandishi yakabaki kule kule. Ile k ya "knife" na ile gh ya "high" watu walikuwa wanazitamka kweli. Siku hizi hawazitamki ila wanaziandika. Usipoteze muda kuuliza kwa nini, ikariri kwa macho uendelee.

Usianze na A for apple. Anza na maneno yanayotoka mdomoni mwako kila siku kazini. Kuna kundi kubwa la maneno ya mlimani yana tabia moja, yanaishia na e ambayo haitamkwi lakini inaifanya irabu ya katikati itaje jina lake la Kizungu: gate, plate, hike, time, rope, slope, stove. Hayo yote unayasema kila trip. Ukizoea hiyo e ya mwisho kuwa iko kimya umefungua mamia ya maneno kwa mpigo, na ndo kosa la kwanza la sisi wasomaji wa Kiswahili, tunaona e mwishoni tunaitamka. Halafu kuna vitu unavyo tayari. Sh ya "shoes" ni sh yetu, ch ya "check" ni ch yetu, ng ya mwisho wa "climbing" ni ile ng' ya ng'ombe. Th wanaitumia kwa sauti mbili, "thank" ni th ya thelathini, ila "this" na "that" na "the" ni dh ya dhahabu japo wanaandika th. Hiyo wengine wanahangaika nayo miaka, wewe umeshaelewa hapa hapa.

Yaliyobaki ni yale makaidi, na bahati mbaya makaidi mengi yako kwenye ile karatasi yako ya afya. Headache, ch inasomeka k. Stomach hivyo hivyo. Cough, gh inasomeka f, wakati kwenye height na weight gh haisomeki kabisa. Nausea, yani kichefuchefu. Fatigue, kule kuchoka, ambayo ukiisoma Kiswahili utacheka. Dizziness, kizunguzungu. Breath ni pumzi na breathe ni kupumua, e ya mwisho inabadilisha kila kitu. Climb, b imekaa tu pale. Haya usiyasome kwa kuunga herufi, utaumia bure, yasome kwa macho kama unavyoitambua sura ya mtu. Kata boksi la biskuti vipande vidogo, kila kipande neno moja kwa herufi kubwa kubwa, nyuma chora picha au andika Kiswahili chake, weka mfukoni. Matano kwa siku yanatosha, na ya jana unayarudia kabla ya kuongeza mapya. Maneno ya ile karatasi hayazidi hamsini mwanangu, sio kitabu.

Vitabu vya kusomea unavyo na ni vya bure. Bango la kileleni umepita hapo mara ngapi, umewapiga wageni picha ngapi pale? Pale juu pameandikwa "Congratulations, you are now at Uhuru Peak", halafu mita 5895, halafu Africa's highest point. Toa moja ya hizo picha kwenye simu uivute iwe kubwa usome neno kwa neno. Tena unajua tayari linasema nini kwa sababu wageni huwa wanalisoma kwa sauti. Kila kambi ina kibao kina jina, mwinuko, umbali wa kambi inayofuata na aina ya uoto, forest, moorland, alpine desert. Kambi ya Horombo ni mita 3720 unaijua hata usingizini, sasa tazama yale maneno yanayoizunguka hiyo namba. Ukimaliza vibao hamia lile bango la masharti getini, lile linalosema mwenye mafua na shida ya kupumua asipite mita 3000 na watoto chini ya miaka kumi pia. Hilo lina sentensi ndefu, likikaa siku tatu bado hujalimaliza ni kawaida.

Sambamba na hayo kuna vijineno vidogo vidogo: the, of, and, to, is, are, was, with, have, they. Havina picha na havina utamu, lakini maneno mia moja tu ya namna hii ndo karibu nusu ya maandishi yote ya Kiingereza, iwe gazeti iwe meseji ya bosi. Mpwa wako anaweza kukuandikia kwenye daftari.

Tena huyo mpwa umemweka kwenye kazi isiyo yake, kukusomea meseji. Badilisheni. Yeye anasoma lakini nina uhakika kuongea anaogopa, wewe unaongea na kusoma hujui. Jioni nusu saa, dakika kumi na tano anakufundisha kusoma, dakika kumi na tano mnaongea Kiingereza tupu wewe ndo mwalimu. Meseji ya ofisini ikija usimpe simu, isome kwanza mwenyewe unavyoweza, ukwame, ndo umuulize neno lililokukwamisha. Vocha endelea kumpa, mtoto wa watu.

Na simu yenyewe itumie. Kwenye kibodi kuna kamaiki, weka lugha Kiingereza, bonyeza, sema "the client has a headache and did not eat dinner", simu itakuandikia. Hapo umepata sentensi yako mwenyewe, uliyoitamka wewe, imeandikwa kwa tahajia ya Kizungu. Isome. Inakili kwa mkono kwenye daftari mara mbili. Mi enzi zangu tulikuwa tunamkalisha mwanafunzi anasimulia, mwalimu anaandika anachosema, halafu anafundishwa kukisoma hicho hicho, na kwa watu wazima sijaona njia inayoshinda hiyo. Simu sasa inakufanyia bure. Angalia tu isikudanganye, lafudhi zetu i ni moja, wao wana mbili, ukisema "sleep" simu inaweza kuandika "slip". Na kwenye ripoti yako mgeni ambaye hakulala na mgeni aliyeteleza kwenye mawe ni habari mbili tofauti kabisa, kwa hiyo soma tena kabla hujatuma.

Kuandika usisubiri mpaka ujue kusoma vyote, vinakwenda pamoja. Kila siku mistari mitatu ya siku ilivyokuwa, basi. Mfano: "Today we walked from Machame gate to Machame camp. John was tired. He ate soup." Sentensi fupi hivyo hivyo, herufi kubwa mwanzo, nukta mwisho. Jambo la jana linavaa -ed na hapo sikio litakupotosha, walked utasikia t, climbed utasikia d, rested utasikia kama id, ila mkononi zote ni -ed. La pili la kuangalia ni he na she, sisi wote ni "yeye" tu kwa hiyo tunachanganya, kwenye maongezi mgeni anasamehe, kwenye ripoti yenye wageni sita bosi hatajua aliyetapika ni mume au mke. Hizi tenses zenye majina marefu ziache kwanza. Nimeona watu wanajua past perfect continuous na hawawezi kuandika kwamba mgeni ameumia mguu.

Umri. Miaka 33 unaniuliza mimi? Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, bibi zetu hapa Kibosho na Uru walikuwa wanatoka shambani wananawa mikono wanakwenda kisomo, wengine wana wajukuu tayari. Na wao walianza na herufi ya kwanza kabisa. Wewe unasoma gazeti zima. Ila jambo moja, kama ukisoma hilo gazeti lako macho yanauma au herufi zinacheza, usijilaumu akili, nenda hospitali ya KCMC wakupime macho, miwani ikipatikana mambo mengi yanakaa sawa.

Muda ndo huu, masika yanaingia, Aprili na Mei mlima unapoa, wagumu wengi wanakaa kijiweni. Miezi hiyo miwili ya kila siku saa moja itakufikisha kuisoma ile karatasi bila kukwama, nakuahidi hilo. Ripoti na barua pepe za bosi zitachukua zaidi, labda msimu mzima. Maktaba ya mkoa ipo hapo Moshi mjini, kaulizie vitabu vya hadithi vya watoto vya Kiingereza, usione aibu, vina sentensi fupi. Pita pia KPAP, wale wanaosimamia maslahi ya wagumu, wamewahi kuwa na madarasa ya Kiingereza kwa wagumu, uliza kama msimu huu yapo. Na ukija kutaka cheti huko mbeleni, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima wana njia ya mtihani wa maarifa, ule watu wanaita QT, unaanzia hapo unakwenda mpaka fomu foo ukiwa na kazi yako. Masharti ya leseni ya kuongoza wageni kaulize ofisi za KINAPA, wale wa hifadhi ya mlima, kule Marangu mwenyewe, ya kijiweni usiyabebe.

Bosi mwambie. Sio kwa kujidhalilisha, mwambie hivi: nakubali cheo, kuongea na wageni naweza, kuandika Kiingereza najifunza sasa hivi, kwa trip za mwanzo naomba nipangwe na mtu atakayejaza karatasi wakati mimi nauliza. Bosi anayetaka kukupandisha anataka hiyo miaka yako ya mlimani, kuandika anajua kunafundishika. Atakachokasirikia ni kugundua mwenyewe, tena siku mgeni akiwa amezidiwa. Na kama kwa jibu hilo atakunyima cheo basi utabaki mgumu msimu mmoja zaidi, mkeo nitampa pole mimi.

Laki tatu na nusu usiitoe sasa. Kozi nyingi za mjini zinafundisha watu kuongea, kitu ambacho wewe utamzidi hata mwalimu wao, utakaa miezi mitatu ukijibu "how are you". Subiri Juni, ukishamaliza karatasi ya afya na vibao vyako, hapo kozi ya kuandika inaweza kukufaa. Siku ukienda kuulizia usiulize bei kwanza, waombe wakuonyeshe madaftari ya wanafunzi wa mwezi wa pili. Ukikuta ni ya kunakili sheria za sarufi tu ondoka, ukikuta watu wameandika barua na ripoti zao wenyewe na mwalimu amesahihisha kwa kalamu nyekundu, hapo toa hela.